Mpigaji wa Kumi na Mbili

Shemeji yangu ana kazi ambayo watu wengi hawajui kuwa ni kazi. Ukipiga simu redioni ili uzungumze hewani, kuna sauti inayokupokea kabla ya mtangazaji, inakuuliza mambo mawili matatu, kisha inakuambia, "Shikilia, usikate." Sauti hiyo ni yake. Amelisema neno hilo kwa miaka tisa, kiasi kwamba pale kituoni jina lake halisi limebaki kwenye mkataba tu. Wanamwita Shikilia. Hata kaka yangu, aliyemuoa kwa jina kamili na vyeti vya kuthibitisha, siku hizi humwita Shikilia akiwa na kitu cha kumwomba.

Chumba anachofanyia kazi kilikuwa stoo ya mafagio, na ukivuta pumzi vizuri bado unainusa dawa ya sakafu. Kuna meza, simu nne, kiti ambacho mgongo wake umefungwa kwa waya, na dirisha la kioo kinene linalotazama studio. Upande wa pili wa kioo anakaa mtangazaji, bwana mmoja mwenye sauti tamu hivi kwamba wapo wanawake wanaopiga simu kumwomba atangaze saa tena, na saa wanayo ukutani. Wasikilizaji wanamwita Asali. Nimewahi kumwona uso kwa uso. Redio ilivumbuliwa kwa ajili ya watu kama yeye.

Kabla ya hapo Shikilia alikuwa akipokea simu hospitalini, na huko ndiko alikojifunza kumjua mtu kwa maneno matatu ya kwanza: huyu amefiwa, huyu anatafuta wodi, huyu anatafuta muuguzi wa zamu kwa sababu zisizo za kiafya. Redioni alikuja na masikio hayohayo. Kila mpigaji humuuliza maswali matatu. Redio yako umeizima? Uko upande gani? Kwa nini, kwa sentensi moja? Swali la kwanza linazuia mwangwi. La tatu linawanasa walevi, maana mlevi ana kila kitu isipokuwa sentensi moja. Lakini la pili ndilo lenye kazi yenyewe, kwa sababu kipindi chao cha Alhamisi, saa nne mpaka saa sita mchana, kinaitwa Kila Upande, na sharti lake ni kwamba akisema mmoja wa huku, anafuata mmoja wa kule. Shikilia huwaandika wapigaji kwenye karatasi yenye safu mbili, kwa ile penseli yenye rangi mbili: buluu kwa wanaounga mkono, nyekundu kwa wanaopinga.

Kwa mada nyingi karatasi hiyo huishia kwenye jalada na hakuna anayeiangalia tena. Mada ya mwezi ule haikuwa kama nyingi.

Bungeni kulikuwa na muswada. Sheria iliyopo inaruhusu mimba itolewe pale tu maisha ya mama yanapokuwa hatarini. Muswada ulitaka mwanamke aruhusiwe kuitoa hospitalini, katika wiki za mwanzo, kwa uamuzi wake mwenyewe. Kila Upande walikuwa wameshaizungumzia mada hiyo Alhamisi mbili, na baada ya hapo barua mbili zikaenda kwa mamlaka inayosimamia redio. Moja ilisema kituo kinawapendelea waziwazi wanaotaka sheria mpya. Ya pili ilisema kituo kinawapendelea waziwazi wasioitaka. Zote mbili zilitumia neno "waziwazi", na zote mbili zililalamikia mtu mmoja: anayechagua simu.

Mamlaka wakatoa nafasi moja ya mwisho. Kipindi cha tatu, wageni wawili studioni, wapigaji kumi na wawili, sita kwa sita, na karatasi ya mpokea simu isainiwe na wageni wote wawili kipindi kikiisha. Ofisa wa mamlaka atakuja kukaa ofisini kwa Meneja na kusikiliza.

Meneja alimwita Shikilia siku ya Jumatano. Ni mtu mpole ambaye habari mbaya huzitoa huku akipanga kalamu.

"Wasiposaini wote wawili, Alhamisi ijayo saa nne tunapiga muziki," akasema.

"Na mimi?"

Akasogeza kalamu moja. "Muziki haupokelewi simu, dada yangu."

Kwa hiyo hilo ndilo alilolala nalo usiku ule: sahihi mbili, au arudi nyumbani kuangalia ukuta.

Nyumbani penyewe lazima nipaeleze, kwa sababu mambo yaliharibikia huko. Tunakaa wanne. Kaka, Shikilia, mama yetu mzazi ambaye ana chumba cha uani, na mimi, niliyekuja kwa mapumziko mafupi ya chuo ambayo sasa yako mwaka wa pili. Mama na Shikilia wamekaa nyumba moja miaka kumi na moja bila kupandishiana sauti hata mara moja. Majirani wanawatolea mfano. Siri yake ni kwamba hawaulizani kitu. Mama hamuulizi mkwe wake kwa nini leo amechelewa. Mkwe hamuulizi mama kwa nini mapazia ya sebuleni yamehamia jikoni. Heshima ni nyingi mpaka inatia kiwewe. Siku moja Shikilia alitaka kujua kama mama anasikia baridi afunge dirisha. Mama alikuwa amekaa mbele yake, hatua mbili. Shikilia akanifuata bafuni nikiwa na sabuni usoni, akanituma nikamuulize.

Na mama ni mama wa ibada. Anaongoza kikundi cha akina mama wa maombi, anajua nani hakuja na kwa nini kisingizio chake hakitoshi. Zile Alhamisi mbili za muswada alizima redio kila mada ilipoanza. Hakusema neno, na jioni nilimsimulia Shikilia. Shikilia, mtu wa kusikia watu kwa maneno matatu, akalisikia hata hilo la bila maneno: mama anapinga, na anapinga vibaya sana.

Alhamisi ya tatu mama hakuzima. Aliiweka redio katikati ya meza, akavuta sinia la maharage akaanza kuchambua. Mimi nilikuwa nimejilaza kwenye kochi nikiwaza maisha yangu. Aliniambia niwaze nikiwa nimekaa.

Wageni wa siku hiyo walikuwa Wakili, mwanamke mwenye maneno ya haraka anayeutetea muswada, na Mwalimu, mzee mstaafu anayeongoza chama cha wazazi wanaoupinga. Shikilia anasema Mwalimu alikuja na daftari, na kila mpigaji alipomaliza alimwandikia alama juu ya kumi. Hakupendelea. Mtu wa upande wake mwenyewe aliyepiga kelele alipata tatu.

Simu ya kwanza, buluu, ilikuwa ya muuguzi. "Mimi ndiye ninayewapokea," akasema. "Wanakuja wakiwa wameshaharibika, wanasema wameanguka. Hiyo sheria yenu haijawazuia kufanya. Imewazuia kuja mapema."

Ya pili, nyekundu, dereva wa lori. "Mama yangu alinibeba akiwa na miaka kumi na sita. Ukoo mzima ulimwambia itoe hiyo. Basi hiyo 'hiyo' leo ina watoto watatu, na imeegesha lori pembeni mwa barabara ili iongee na nyinyi."

Mama aliacha kuchambua, akaangalia redio, akaendelea.

Akaja binti wa chuo, akasema mwili ni wake na hajaona mbunge hata mmoja aliyewahi kutapika asubuhi kwa niaba yake. Akaja baba mmoja aliyesema tukikubali kwamba mtu anakuwa mtu siku tunayomtaka, basi na wale tuliowachoka, wagonjwa wetu na wazee wetu, waanze kutuangalia kwa wasiwasi. Mwanamke mmoja akasema wenye nafasi zao wanaingia kliniki za faragha na kutoka kwa mlango wa mbele, ila asiye na jina anaenda kwenye chumba cha nyuma kwa mtu mwenye waya. Mwingine, wa nyekundu, alinifanya hata mimi nikae vizuri. "Ninachokiogopa si dhambi," akasema. "Naogopa wanaume. Leo akisema sitaki mtoto, anakimbia, angalau anakimbia yeye. Kesho atasema hospitali ipo, nenda. Nami nitakataa kwa sababu gani, wakati milango imefunguliwa?"

Wakili alianza kumjibu, akasita, akasema hiyo ni hofu ya kweli na dawa yake ni kumbana mwanaume, si kumfungia mwanamke mlango. Mwalimu alimpa mpigaji tisa. Halafu, bila kutaka, akampa na Wakili saba.

Shikilia ana maelezo yake kuhusu ubishi huu, na aliyatoa siku nyingi kabla ya hapo, akipiga pasi. Anasema akiwasikiliza kwa simu, bila kuwaona sura, anaona kama hawabishani hata kidogo. Wale wa buluu wote huanza na msichana. Wale wa nyekundu wote huanza na mtoto. Kila mmoja amemshika mtu wake mkononi anawaonyesha wenzake, mwangalieni huyu, mwangalieni huyu, na hakuna anayegeuza shingo kwa sababu anaogopa akimwangalia wa mwenzake, wa kwake atadondoka. Kisha wakishachoka na watu, wanaingia kwenye takwimu na maandiko, na hapo ndipo Asali anapopiga wimbo.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka simu ya kumi. Nyekundu, kijana mkali. "Wanawake hao ni wauaji tu. Waozee jela, hakuna cha kujadili." Mwalimu alimpa moja na kunong'ona kwamba hiyo moja ni ya kujua kupiga simu. Ya kumi na moja, buluu, dada mkali vilevile. "Hawa wanaosalisali wanajua kuhukumu tu. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukaa kando ya kitanda cha mgonjwa wa namna hiyo."

Pale sebuleni sinia la maharage lilisukumwa mbele. Mama akasimama, akajifunga kitambaa kichwani kama mtu anayetoka kwenda mahali, akaingia chumbani kwake na kufunga mlango.

Kule kituoni ilikuwa saa sita kasoro dakika saba, na karatasi ilisema sita kwa tano. Ilibaki nyekundu moja. Simu ya kwanza iliyoita ilikuwa ya bwana aliyekwisha kuongea, wa nne, sasa akiwa na jina jipya na mafua ya kuigiza. Shikilia akamshukuru, akamkata. Ya pili alikuwa mtu aliyeulizwa sababu kwa sentensi moja akaanza, "Kwanza kabisa tangu enzi za babu yangu." Akamkata. Ya tatu ilikatika yenyewe. Asali alikuwa anamtazama kupitia kioo, anazungusha kidole hewani: leta, leta. Simu ya nne ikaita.

"Haloo, ni redio hapo?"

Aliijua sauti hiyo kabla haijafika kwenye "redio".

"Mama?"

"Mimi. Nataka kusema."

Shikilia anasema hapo ulimi ulikataa katakata. Amewahi kuwauliza swali la pili mawaziri. Amewauliza wachungaji, masheikh, mkuu wa polisi, na mtu mmoja aliyepiga akiwa juu ya paa. Uko upande gani, basi, maneno matatu. Lakini kumuuliza mama mkwe, kwa simu, hata shikamoo haijakaa sawa, uko upande gani? Kama konda? Akajiambia, swali la nini wakati jibu ninalo nyumbani miaka kumi na moja. Akachukua penseli upande wa nyekundu, akaandika kwenye safu ya wanaopinga, nafasi ya sita: Mama, anapiga kutoka nyumbani.

"Shikamoo, mama. Shikilia, tafadhali. Usikate. Samahani, mama, naomba usikate."

"Marahaba. Sikati, mwanangu, nimeshika kwa mikono miwili."

Na kwa kuwa hakuuliza la pili, hakuuliza na la kwanza. Hivyo redio yetu ya sebuleni ilikuwa inaunguruma.

Redio yao inachelewesha sauti sekunde saba, ili mtu akitukana waweze kumkata. Kwa hiyo mimi nilimsikia mama mara mbili: kwanza kupitia ukuta, halafu kupitia redio, kama mtu aliyejirudia kwa msisitizo. Naye akajisikia. Nchi nzima inayoshika masafa yale ilimsikia mama yangu akisema, "Nani huyo anayerudia maneno yangu? We mtoto, zima redio, na uinuke kwenye hilo kochi." Nilipunguza sauti, nikabandika sikio kwenye spika.

"Karibu mama," Asali akasema kwa ule utamu wake. "Unapinga muswada, tuambie kwa nini."

"Nimesikiliza tangu saa nne," mama akasema. "Nina majibu ya watu wawili. Yule kijana wa waozee jela, na yule binti aliyesema sisi wa kusali hatujakaa kando ya kitanda. Nawajibu pamoja maana simu yangu haina chaji."

"Tunakusikia, mama."

"Mimi jambo hili silipendi. Nilifundishwa ni dhambi na mpaka leo naamini. Binti yangu angeniuliza, ningemwambia zaa, tutalea, na ningelea kweli, mgongo huu huu. Nikisikia mtu anasema aliyemo tumboni ni kitu tu, naumia. Hilo la kwanza."

Mwalimu, anasema Shikilia, alikuwa anatikisa kichwa kwa furaha, kalamu ikielekea kwenye kumi.

"La pili. Nikiwa na miaka kumi na tisa nilikaa kando ya kitanda. Alikuwa mtu wangu, simtaji. Hakuniuliza ninaamini nini. Aliniomba maji. Nilifua mashuka siku tatu nikiyaanika ndani ili watu wasione. Tulipompeleka hospitali daktari akauliza imekuwaje, nikamwambia ameanguka ngazi. Nyumba yetu haikuwa na ngazi. Na daktari alijua haikuwa na ngazi, kwa sababu mji mzima wakati ule haukuwa na ngazi. Akaandika ngazi."

Asali alisahau kusema chochote. Kwa mtangazaji, hilo ni kama samaki kusahau maji.

"Alipona?" akauliza mwishowe, na Shikilia anasema ilikuwa mara ya kwanza kuisikia sauti yake ya kawaida.

"Alipona. Ana wajukuu. Basi yule kijana anamwita muuaji mtu ambaye nilimlisha uji kwa kijiko. Nikisikia hivyo naumia palepale ninapoumia kwa lile la kwanza. Sina mahali pawili pa kuumia."

"Kwa hiyo mama, huu muswada, unauunga mkono au unaupinga?"

"Ningelijua jibu hilo ningekuwa bungeni. Msiniandike upande wowote."

"Lakini kama ungelazimika kuchagua, mama, kwa neno moja."

"Mwanangu, una sauti nzuri sana," mama akasema. "Masikio ndiyo sina uhakika nayo."

Kisha simu ikaisha chaji, au aliikata. Mpaka leo hajasema. Alitoka chumbani, akavua kitambaa, akarudi kwenye maharage yake. Nilitaka kuuliza kitu. Akaniambia nikaanue nguo.

Kule studioni wimbo wa mwisho ulikuwa haujaisha, ubishi ukawa umeshaanza. Wakili alikuwa amesimama. "Yule ni wetu," akasema. "Alimdanganya daktari kwa sababu ya sheria. Hiyo ndiyo hoja yangu nzima, mimi naisema kwa saa mbili, yeye kaisema kwa ngazi moja."

"Amesema ni dhambi, na amesema angelea," Mwalimu akajibu. "Wa kwetu huyo. Nimempa tisa."

"Mbona si kumi?"

"Alikwepa swali la mwisho."

Meneja aliingia na kalamu mbili mpya. Akaichukua karatasi kwa Shikilia, aliyekuwa ameileta studioni, akaiona ile nyekundu ya sita, uso ukamng'aa. Sita kwa sita. Wakili naye akaiona juu ya bega lake.

"Hii haisainiwi," akasema. "Hamuwezi kumweka huko mtu aliyesema asiwekwe."

"Mkimhamishia buluu, mimi sisaini," Mwalimu akasema.

Meneja akamvuta Shikilia pembeni, kwenye ile stoo. "Iache ilivyo," akamnong'oneza. "Sita kwa sita ndiyo waliyoitaka. Amesema ni dhambi, kila mtu kasikia. Wewe sema tu alikwambia anapinga kabla ya kuingia hewani. Wakili nitambembeleza."

Na ilikuwa rahisi hivyo. Hakuna aliyeyasikia mazungumzo ya ile simu kabla ya hewani isipokuwa yeye na mama. Neno moja la uongo, sahihi mbili, kazi imebaki. Shikilia aliangalia lile jina aliloandika. Kisha akarudi studioni, Meneja nyuma yake akimkonyeza bure.

"Niliandika kabla hajasema," akawaambia wageni. "Sikumuuliza yuko upande gani. Ni mama mkwe wangu. Nilitaka kumuuliza, mdomo ukagoma."

Meneja alifumba macho. Mwalimu akakohoa kidogo.

"Mama mkwe wangu nilimuuliza swali moja, mwaka niliooa," akasema. "Nilimuuliza kama chai imeiva. Sijarudia."

Wakili akacheka mpaka akakaa. Hata fundi mitambo, ambaye hulipwa ili asicheke wakati wa kipindi, alilala juu ya vitufe vyake.

Lakini kicheko si sahihi. Shikilia akafuta ile nyekundu kwa kifutio, akachukua kalamu ya kawaida, na chini kabisa, nje ya safu zote mbili, akaandika: Mpigaji wa kumi na mbili ameomba asiandikwe upande wowote. Akaiweka karatasi katikati ya meza. Sasa ilikuwa sita kwa tano, na Meneja alikuwa ameanza kupanga kalamu.

Wakili akasaini haraka. Si ajabu, sita zilikuwa zake. Mwalimu aliishika karatasi muda mrefu. Alivaa miwani, akaivua, akaisafisha, akaivaa tena. Shikilia anasema hajawahi kuwachukia mafundi miwani kama dakika ile.

"Nikisaini hapa nimekubali kwamba watu wangu ni wachache," akasema Mwalimu.

"Kwenye karatasi," Wakili akasema, na kwa heshima alisema taratibu. "Mtaani sijui, Mwalimu. Pengine huko mmenizidi."

"Nikikataa, ninasema mama yule hajui analosema kuhusu nafsi yake." Akaangalia daftari lake, akaifuta ile tisa, na Shikilia hakuona alichoandika badala yake. "Wanafunzi wangu waliniogopa miaka thelathini kwa sababu nilisoma kilichoandikwa, si nilichokitaka kiandikwe. Leteni kalamu."

Akasaini.

Meneja aliipeleka karatasi ofisini kwake mwenyewe, Shikilia akimfuata nyuma. Ofisa wa mamlaka alikuwa amekaa kule na redio ndogo na kikombe kitupu. Akaisoma mstari kwa mstari mpaka chini.

"Hii ni sita kwa tano."

"Ndiyo, mzee," Shikilia akasema. "Nilifanya kosa, nikalisahihisha. Hapo palipofutwa ni mimi."

"Wa kumi na mbili ndiye yule wa ngazi?"

"Ndiye."

Ofisa akaikunja karatasi, akaitia kwenye jalada lake, akafunga. "Barua mbili nilizopokea zilisema mnachagua watu. Huyu hakuchaguliwa na mtu," akasema. "Alhamisi ijayo mnazungumzia nini?"

"Mapipa ya taka," Meneja akasema, na sauti ilimpanda kwa furaha kama kijana anayebalehe.

"Na hilo nalo lina pande mbili?"

"Lina tatu, mzee," Shikilia akasema. "Kuna na wale wanaotupa dirishani."

Alirudi nyumbani saa tisa. Nilikuwa uani na zile nguo, lakini dirisha la jikoni lilikuwa wazi, na mimi si mtu wa kuziba masikio bila sababu. Mama alikuwa kwenye jiko. Alimsikia akivua viatu mlangoni, na akafanya kitu ambacho hakijawahi kufanyika katika nyumba ile. Aliuliza.

"Nimekuharibia kazi?"

"Hapana, mama. Wamesaini."

"Uliniandika wapi?"

"Kwanza nilikuandika na wanaopinga. Nisamehe. Nilifuta. Sasa uko chini, peke yako."

"Peke yangu ni sawa." Kijiko kikazunguka sufuriani. "Mbona hukuniuliza tu?"

"Ningekuulizaje, mama?"

"Kama unavyowauliza wengine. Kwani wengine wana nini?"

Nilisikia kiti kikivutwa, kisha kingine.

"Hutaki kujua alikuwa nani?" mama akauliza.

"Hapana, mama. Ungetaka nijue ungesema."

Mimi nilitaka kujua. Nina shangazi wawili na mama wadogo watatu, wote wana wajukuu, na nilikuwa nimeanza kuwapanga kwa umri. Nikasogea dirishani, nikakanyaga ndoo.

"Huyo naye," mama akasema bila kugeuka. "Hana diploma, ana udaku. Anua nguo." Halafu kwa Shikilia, sauti ikiwa imeshuka: "Hebu niambie. Mtu akipiga mara ya pili kwa jina jingine, unamjuaje kama ni yeye?"

"Wa leo anasema 'naam' kabla hujamuuliza kitu."

"Na walevi?"

Basi Shikilia akaanza kumwigizia walevi. Ana walevi wa miaka tisa kichwani, kila mmoja na sauti yake, na hakuwahi kuwaigiza nyumbani kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza. Mama alijaribu kucheka kwa staha, ikashindikana. Alipofika kwa yule wa juu ya paa nilisikia kifuniko cha sufuria kikianguka sakafuni na hakuna aliyekiokota.

Kaka alirudi kazini saa kumi na moja. Akasimama mlangoni na begi lake mkononi, akawatazama mke wake na mama yake wameinamiana mezani, mabega yakitikisika, mmoja anajifuta macho kwa kanga ya mwenzake. Akarudi nyuma hatua mbili mpaka uani nilipokuwa.

"Nani amekufa?" akaninong'oneza.